Hata Chuma Huchoka: Habari za Ndege Iliyoitwa Comet



Katika nchi zetu, gari likipinduka au chombo kikizama, hakosekani mzee wa kuwafariji wafiwa kwa kusema, "Ajali haina kinga." Maneno hayo ni mema mahali pake. Mwenye kufiwa hataki hesabu. Ataka mkono wa kumshika. Walakini maneno hayo hayo husemwa pia na mwenye gari asiyependa kuulizwa habari za breki zake, na fundi asiyependa kuulizwa habari za kazi yake. Hapo neno la faraja hugeuka kuwa pazia.

Leo nimekusudia kuwaeleza habari za ndege moja iliyopita juu ya vichwa vya watu wa Afrika ya Mashariki katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Ilisifiwa duniani kote, kisha ikaanguka, ikatengenezwa, ikarudishwa kazini, ikaanguka tena. Katika habari hizo tutaona ya kuwa ajali ina sababu, na sababu hutafutika. Tena mtu akitengeneza chombo kilichoharibika bila kuijua sababu, hajatengeneza bado.

NDEGE MPYA YAFIKA ENTEBBE

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Waingereza walitazama mbele wakaona shida. Wamarekani walikuwa na ndege nyingi kubwa za kuchukua watu na mizigo, ambazo wangeweza kuzitia katika biashara mara moja. Waingereza wao walikuwa wamejenga hasa ndege za kupigana. Wasipotoa kitu kipya kabisa, abiria wote wangekwenda kwa Wamarekani.

Kitu hicho kipya kilitolewa na kampuni ya de Havilland. Jina hilo si geni kwetu. Shirika la East African Airways lilipoanza kazi mwaka wa 1946, lilianza na ndege ndogo sita za kampuni hiyo hiyo, aina ya Dragon Rapide, zenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine. Sasa mafundi wale wale walifanya ndege isiyo na rafadha hata moja. Injini zake nne zilikuwa za jeti, yaani huvuta hewa kwa mbele, huikandamiza, huichoma pamoja na mafuta ya namna ya mafuta ya taa, kisha huisukumia nyuma kwa nguvu nyingi, na ndege husukumwa mbele. Wakaiita Comet, maana yake nyota yenye mkia. Iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949, na rubani wake alikuwa John Cunningham.

Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya shirika la Serikali ya Uingereza, lililojulikana kwa herufi B.O.A.C., iliondoka London na abiria wa kulipa nauli. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya abiria katika ndege ya jeti, nayo haikuelekea New York wala Paris, bali Afrika. Ilipita Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kesho yake. Safari ile ya maili zaidi ya 6,000 ilikwisha kabla ya saa 24 kutimia. Basi Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, ulikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza ulimwenguni kupokea abiria wa jeti.

Yafaa tuishike alama ya ndege ile, maana tutakutana nayo tena. Iliandikwa ubavuni G-ALYP, na marubani, ambao huita herufi kwa majina ili zisichanganyike, walifupisha wakaiita Yoke Peter.

KWA NINI ILIRUKA JUU HIVYO

Injini ya jeti hutumia mafuta mengi sana ikiwa chini, penye hewa nzito. Juu, penye hewa nyembamba, hutumia machache, na ndege hukata hewa kwa wepesi. Kwa hiyo Comet iliweza kupanda hata futi 40,000, nayo ilikwenda zaidi ya maili 450 kwa saa. Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote ya Afrika, una futi 19,340. Basi Comet ilipita juu kuliko milima miwili kama huo ikipandishwa mmoja juu ya mwenziwe.

Lakini huko juu binadamu hawezi kuishi. Hewa ni haba hata mtu angezimia kabla dakika moja haijaisha. Ilibidi chumba cha abiria kifungwe barabara na kujazwa hewa, wapate kupumua kama watu walio juu ya mlima wa futi 8,000 tu.

Hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Mpira wa baiskeli ukitiwa hewa, hewa iliyo ndani husukuma nje pande zote. Ndivyo ilivyokuwa Comet. Kila inchi moja ya mraba ya ubavu wake ilisukumwa nje kwa nguvu ya ratili 8 na robo. Labda mtu ataona ni kidogo. Lakini futi moja ya mraba ina inchi za mraba 144. Ukizidisha utapata karibu ratili 1,200, ndio uzito wa magunia sita ya mahindi. Na kizuizi cha mzigo huo kilikuwa bati jembamba la aluminiamu, lisilofikia unene wa milimita moja, lililoshikwa kwa gundi na kwa ribiti na kuimarishwa kwa mbavu za ndani.

Kila Comet ilipopanda, bati lile lilivutwa. Kila iliposhuka, lililegea. Safari moja, mvuto mmoja.

MISIBA MITATU

Naziacha ajali za Comet zilizotokea uwanjani, ndege ilipokuwa ikianza kuruka, maana sababu zake zilikuwa nyingine. Nasema juu ya zile zilizovunjika angani.

Tarehe 2 Mei 1953, mwaka mmoja kamili baada ya safari ile ya kwanza, Comet moja iliondoka Calcutta, katika nchi ya India, ikaingia katika tufani ya radi, ikavunjika vipande vipande. Watu wote 43 waliokuwamo wakafa. Waliochunguza waliona ya kuwa ndege ilizidiwa na nguvu za tufani. Na kweli tufani ilikuwako. Jibu lilikuwa karibu, likapokewa.

Tarehe 10 Januari 1954, Yoke Peter, ndege ile ile iliyotua Entebbe katika safari ya kwanza, iliondoka Roma kwenda London. Haikuingia katika tufani yo yote. Rubani wake alikuwa akizungumza kwa simu ya upepo na rubani wa ndege nyingine, na sentensi yake ikakatika katikati. Wavuvi wa kisiwa cha Elba walisikia mshindo juu ya mawingu, wakaona vipande vikianguka baharini vikiwaka moto. Watu 35 wakafa, naye Chester Wilmot, mwandishi mashuhuri wa habari za vita, alikuwa miongoni mwao. Wavuvi waliokota maiti walizoweza kuzipata.

Kesho yake shirika la B.O.A.C. lilizisimamisha Comet zake zote, bila kushurutishwa. Kwa jambo hilo lastahili sifa. Lakini sikilizeni yaliyofuata.

Kila siku ndege zile zilipokaa chini zilikula fedha bila kuleta. Abiria walikwenda kwa mashirika mengine. Mashirika ya nchi za nje yaliyokuwa yameagiza Comet yalianza kusitasita. Tena heshima ya taifa zima ilikuwa juu ya mabawa yake. Basi mafundi wakakaa, wakafikiri kila jambo liwezalo kuwa limeiangusha Yoke Peter: labda moto, labda injini ilipasuka na vipande vyake vikatoboa tangi la mafuta, labda mtikisiko wa mabawa. Wakafanya marekebisho yapatayo 60. Waliweka hata mabamba ya chuma kati ya injini na matangi. Habari ya chumba cha abiria kupasuka ilionekana haielekei, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimekwisha kukijaribu sana. Serikali nayo ikakubali. Tarehe 23 Machi 1954 Comet zikarudi kazini, na ilhali mabaki mengi ya Yoke Peter yalikuwa bado chini ya bahari.

Siku 16 baadaye, jioni ya tarehe 8 Aprili, Comet nyingine, jina lake Yoke Yoke, iliondoka Roma kwenda Cairo, ikielekea mwishoni Johannesburg. Ilikuwa imekodiwa na shirika la ndege la Afrika ya Kusini. Ilipokuwa ikipanda, simu yake ilinyamaza. Ikaanguka baharini kusini ya Naples, mahali penye kina kirefu sana. Watu 21 wakafa.

Ndugu zangu, watu hawa 21 hawakufa kwa uzembe wa mlevi, wala kwa ujinga wa mtu asiyesoma. Wataalamu walikuwa wamefanya kazi kwa bidii, mchana na usiku, wakarekebisha mambo 60, na lile la 61 ndilo lililokuwa sababu. Walikuwa wamelijibu swali kabla ya kulijua.

HATI YAONDOLEWA

Ndege ya abiria haikuruhusiwa kufanya kazi bila hati ya Serikali isemayo ya kuwa yafaa kuruka. Mwezi wa Januari mwenyewe alikuwa amesimamisha ndege zake kwa hiari, lakini hati ilikuwa bado halali. Kwa hiyo alipoona vema aliweza kuzirudisha. Tarehe 12 Aprili 1954 hati yenyewe iliondolewa na Waziri wa Uchukuzi, Alan Lennox-Boyd, yule ambaye miezi michache baadaye aliwekwa kuwa Waziri wa Makoloni, na jina lake likajulikana sana huku kwetu.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Mwenye chombo akikisimamisha mwenyewe, swali huwa, "Je, tumengoja vya kutosha?" Hati ikiondolewa, swali huwa, "Je, una ushahidi gani?" Hapo fedha haziwezi kujibu, wala heshima ya taifa haiwezi kujibu. Hujibu ushahidi peke yake. Waziri Mkuu Winston Churchill aliagiza sababu itafutwe bila kuhesabu gharama.

KUITAFUTA SABABU

Kazi ilitiwa mikononi mwa chuo cha Serikali cha kuchunguza ndege kilichokuwa Farnborough, chini ya Arnold Hall. Ilifanywa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa baharini. Manowari za Uingereza zilitafuta mabaki ya Yoke Peter karibu na Elba, kwa nyavu, kwa makucha ya chuma, na kwa kamera ya televisheni iliyoshushwa majini. Kila kipande kilipelekwa Farnborough, kikafungwa mahali pake juu ya kiunzi cha mti chenye umbo la ndege. Hata mwishoni mwa Agosti sehemu kubwa ya ndege ilikuwa imepatikana.

Njia ya pili ilikuwa hospitalini. Madaktari wa Pisa, katika Italia, walizichunguza maiti zilizookotwa na wavuvi, wakaona mapafu yamepasuka kwa namna ipatikanayo hewa ya chumba inapotoka ghafula. Basi marehemu wale, ingawa walikuwa kimya, walitoa ushahidi wao.

Njia ya tatu ilikuwa ya ajabu. Walichukua Comet nzima iliyokuwa kazini, jina lake Yoke Uncle, wakaizungushia tangi kubwa, mabawa yakitokeza nje, wakajaza maji ndani ya ndege na nje yake. Kisha wakasukuma maji zaidi ndani, hata bati likavutwa kama linavyovutwa angani, wakayalegeza, wakasukuma tena. Na mabawa yalitikiswa kwa mitambo, kama yanavyotikiswa na upepo. Safari ya saa tatu ikamalizika kwa dakika chache.

Mwanafunzi atauliza, kwa nini maji, na ndege huenda hewani? Sababu ni hii. Hewa hukubali kukandamizwa. Chombo kilichojaa hewa kikipasuka, hewa hutanuka ghafula kama baruti, na vipande hutawanyika pasijulikane kilichoanza kuvunjika. Maji hayakubali kukandamizwa. Chombo cha maji kikipasuka, nguvu huisha mara hiyo, na ufa hubaki pale pale ulipoanza, wazi machoni pa watu wote.

Yoke Uncle ilikuwa imekwisha kuruka safari 1,221. Tangini ilipewa nyingine 1,836. Mwezi wa Juni 1954, katika safari ya 3,057, ubavu wake ulipasuka. Ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu moja lililokatwa ubavuni.

KUCHOKA KWA CHUMA

Sasa na tulieleze jambo lenyewe. Chukua kipande cha waya wa kufungia ua. Kivute kwa mikono yako miwili, hukiwezi. Kining'inize juu ya boriti na kukifungia jiwe zito, hakikatiki. Ukiishia hapo utasema, "Waya huu una nguvu." Lakini ukunje na kuukunjua, ukunje na kuukunjua, pale pale pamoja. Haupati nguvu kubwa kuliko ile ya jiwe, bali ndogo. Hata hivyo baada ya mara kumi au ishirini utakatika mkononi mwako, na mkato wake utakuwa umechakaa, kana kwamba umekuwa mgonjwa.

Huko ndiko kuchoka kwa chuma, na kwa bati pia. Kila mvuto hufanya jeraha dogo lisiloonekana kwa macho. Mvuto wa pili hulipanua kidogo. Ufa hutembea pole pole, siku nyingi, kisha siku moja sehemu iliyobaki haiwezi tena kuchukua mzigo, na yote hukatika mara moja. Mtu husema, "Imevunjika ghafula." Haikuvunjika ghafula. Ilikuwa ikivunjika tangu zamani.

Na kwa nini kwenye pembe? Kata kitambaa kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha ukivute. Kitaanza kupasuka pale pale ulipokata. Tundu lo lote hukusanya nguvu kandokando yake, na tundu lenye pembe hukusanya zaidi pembeni. Madirisha ya Comet yalikuwa ya mraba wenye pembe zilizoviringwa kidogo tu. Farnborough walipopima waliona ya kuwa pembeni pale bati lilibeba hata sehemu saba kwa kumi za nguvu yake ya mwisho, zaidi sana kuliko hesabu za kiwanda zilivyosema.

Mwezi wa Agosti mvuvi wa Kiitaliano akavuta katika wavu wake kipande cha paa la Yoke Peter, chenye matundu mawili yaliyokatwa kwa ajili ya vyombo vya simu. Ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu. Bahari na tangi vikatoa jibu moja. Yoke Peter ilikuwa imeruka safari 1,290, na Yoke Yoke 900 tu.

MTIHANI ULIODANGANYA

Labda mtasema, "Je, kiwanda hakikujaribu ndege yake?" Kilijaribu, na hapa pana fundisho kuu. Kilichukua sehemu ya chumba cha abiria na kuisukuma kwa nguvu mara mbili ya ile ya safari. Ikastahimili. Kisha kwa sehemu hiyo hiyo kilifanya jaribio la kuchoka, kwa kuivuta na kuilegeza zaidi ya mara 16,000 kabla haijapasuka. Wakaona ndege ingeweza kufanya kazi miaka mingi bila hofu.

Lakini nguvu ile kubwa ya kwanza ilikuwa imelinyosha bati penye pembe, na lilipolegea likabaki limejibana, hata mivuto midogo iliyofuata haikulidhuru kama ilivyopasa. Sehemu iliyojaribiwa haikuwa tena sawa na zile zilizouzwa. Sisi waalimu twaelewa jambo hili. Ukimwonyesha mwanafunzi maswali usiku, asubuhi atapata alama zote. Lakini umempima nini? Mafundi wale hawakutaka kumdanganya mtu. Mtihani wao ndio uliowadanganya.

Baraza la uchunguzi lilikaa wazi London mwezi wa Oktoba na Novemba 1954, chini ya Bwana Cohen, mmoja wa majaji wakuu. Taarifa yake ilitolewa mwaka wa 1955. Haikumtia mtu hatiani, maana elimu yenyewe ya kuchoka kwa bati katika ndege za namna ile ilikuwa bado changa. Habari zote zilitolewa hadharani, hata mashirika ya Amerika yaliyoshindana na de Havilland yakazisoma na kujifunza.

FAIDA NA HASARA

Tangu hapo viwanda vilianza kujaribu ndege nzima kwa kuchoka kwa bati, mara nyingi katika matangi ya maji, wakitumia mfano mmoja kwa nguvu kubwa na mfano mwingine kwa kuchoka. Madirisha yakaviringwa, mabati yakatiwa unene, na ndege zikajengwa kwa namna ya kuwa ufa ukianza hapa, ubavu wa pili uuzuie usiende mbali. Hata leo ndege ya abiria haihesabiwi umri wake kwa miaka peke yake, bali huhesabiwa pia mara ngapi imepanda na kushuka.

Comet mpya, ya namna ya nne, ilivuka bahari ya Atlantiki na abiria tarehe 4 Oktoba 1958, ikawa ndege ya jeti ya kwanza kufanya kazi hiyo. Lakini miaka minne ilikuwa imepotea. Juma tatu baadaye ikatokea Boeing 707 ya Marekani, kubwa kuliko Comet, na biashara ikaenda kwake. Comet zilizojengwa zote ni 114. Boeing 707 zilipita 800. East African Airways nayo ilinunua Comet za namna ya nne mwaka wa 1960, ikazitumia kati ya Nairobi na London. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka wa 1977.

Wala adui huyu hakufa. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, ndege aina ya Boeing 737 iliyokuwa imeruka karibu mara 90,000, safari fupi fupi kati ya visiwa, ilipasuka paa angani. Mtumishi mmoja wa ndege akavutwa nje akafa. Rubani aliweza kuishusha pamoja na waliobaki. Sheria zilikuwako, lakini nyufa hazikuonwa kwa wakati. Sheria hulinda pale tu penye mtu wa kutazama kwa macho yake.

NENO KWETU SISI

Pengine utasema, "Mwalimu, mimi sina ndege. Nina baiskeli, na ndugu yangu ana lori." Basi habari hizi ni zako kabisa. Springi ya lori huvutwa na kulegea katika kila shimo la barabara, kama bati la Comet. Uma wa baiskeli hali kadhalika, na chuma cha usukani, na mhimili wa gurudumu.

Mwenye lori akitozwa faini kwa kuzidisha mzigo husema, "Lakini jana lilibeba magunia haya haya, likafika salama." Ndugu yangu, waya nao ulikunjwa mara tisa ukafika salama. Mzigo wa jana haukupita bure. Ulichukua sehemu ya umri wa gari, nawe hukuona. Kufika salama si ushahidi ya kuwa hakuna ufa.

Mkaguzi wa magari akilisimamisha gari lako na kuinama chini yake kwa taa, usimhesabu kuwa mtu wa kukuharibia biashara. Comet haikupoteza biashara yake kwa sababu ilikaguliwa, bali kwa sababu ilirudishwa kazini kabla sababu haijajulikana. Walitaka kuokoa majuma machache. Wakapoteza miaka minne, na watu 21 ambao hakuna awezaye kuwarudisha.

Nawe ukiwa fundi, na chombo kimevunjika, usiseme tu, "Nimekwisha kutia kipya." Shika kile kilichovunjika, ukitazame penye mkato. Uulize kimevunjika kwa nini, na kwa nini hapa, si pale. Usipojua, mwambie mwenye gari ya kuwa hujui bado. Neno hilo ni gumu kulisema mbele ya mtu mwenye haraka, lakini mwezi wa Machi 1954 lingeokoa watu.

Wazee wetu walituachia methali nyingine, nayo ndiyo ningependa mwondoke nayo leo kuliko ile ya msibani: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Walisema hivyo kwa ajili ya nyumba za udongo, kabla ndege haijaonekana mbinguni. Ni kweli vile vile kwa bati la ndege, na kwa springi ya lori liendalo gulio kesho asubuhi.

Kwaherini, ndugu zangu, na safari njema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI NA BARAZANI

1. Kwa nini ndege iliyojaribiwa kwa nguvu mara mbili iliweza kuvunjika kwa nguvu ndogo?
2. Kuna tofauti gani kati ya mwenye chombo kukisimamisha mwenyewe na hati yake kuondolewa?
3. Kwa nini Yoke Uncle ilijaribiwa kwa maji, si kwa hewa?
4. Taja chombo kimoja kijijini kwenu kinachovutwa na kulegea kila siku. Nani hukitazama, na hukitazama lini?